Sura ya Sita: Mshindani Aitwaye Magendo

Tarehe 22 Januari 2019 wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa madini kutoka mikoa yote ya Tanzania walikusanyika katika ukumbi wa mikutano wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, kuzungumza na Rais John Magufuli. Mapema mwezi huohuo zaidi ya kilo 300 za dhahabu zilikuwa zimekamatwa Mwanza zikitoroshwa, na askari polisi wanane wakatiwa mbaroni kwa tuhuma za kuusindikiza mzigo waliotakiwa kuuzuia. Aliyetarajia siku ya kukaripiwa hangelaumiwa. Lakini wachimbaji walikwenda na hesabu yao, na hesabu hiyo ndiyo iliyobadilisha sheria.

Tuifanye polepole. Chukua dhahabu yenye thamani ya shilingi 100,000. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, inachukua 18,000. Kodi ya zuio, asilimia 5, inachukua 5,000. Mrabaha, ambao mwaka 2017 ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, unachukua 6,000. Ada ya ukaguzi ni asilimia 1, yaani 1,000. Ushuru wa huduma wa halmashauri, asilimia 0.3, ni shilingi 300. Ukijumlisha unapata 30,300. Anayebaki na 69,700 bado hajalipia karasha la kusagia mawe, dizeli, matimba ya kushikilia kuta za duara (shimo la kuchimbia), wala chakula cha watu waliolala shimoni.

Mnunuzi wa magendo hakuhitaji ukarimu wowote kumshinda mnunuzi wa halali. Angetoa 85,000 kwa mzigo ule ule, abaki na faida nono, na muuzaji aondoke akimwombea dua. Pengo la kodi lilikuwa pana kiasi kwamba watu wawili walijilisha humo, na Hazina haikupata hata senti.

Februari mwaka huo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyowaondolea wachimbaji wadogo zile kodi mbili za juu. Mzigo wa 30,300 ukashuka hadi 7,300. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akazindua mjini Geita soko la kwanza la dhahabu nchini, na mikoa mingine ikaagizwa kufuata. Tangu mazungumzo ya ukumbini hadi mizani ya Geita zilipita siku 54.

Ninazitaja siku hizo kwa sababu zinaonesha jambo ambalo watunga sheria wengi hulikubali kwa shida. Serikali ikihalalisha biashara iliyozoea giza, mfanyabiashara wa gizani hatoweki kwa kusomwa sheria bungeni. Anabaki palepale, na wateja wake, mtandao wake na fedha taslimu mfukoni. Serikali inakuwa imeingia tu sokoni kushindana naye. Itashinda au itashindwa kwa yaleyale yanayomfanya muuza duka ashinde au ashindwe: bei yake, umbali wa duka lake, kasi ya malipo, na mteja kujiona salama akiingia. Askari na jela vina nafasi yao, lakini nafasi hiyo huja baada ya hesabu kukaa sawa.

Mfano ulio wazi kuliko yote duniani hautoki kwenye madini. Unatoka kwenye bangi. Kwetu bangi ni kosa, chini ya sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 2015, na sura hii haiombi libadilishwe. Ila majimbo na nchi zilizoamua kuihalalisha zimetuwekea jaribio mezani, nasi tunaweza kulisoma bila kuigusa mimea yenyewe. Jimbo la California lilipiga kura ya kuruhusu mwezi Novemba 2016 na mauzo yakaanza 1 Januari 2018. Likatoza asilimia 15 kwenye mauzo. Likamtoza na mkulima dola 9.25 kwa kila aunsi ya maua makavu. Miji nayo ikaweka ya kwake, na mingi ikakataa kabisa maduka ya halali yasifunguliwe ndani ya mipaka yake. Muuzaji wa zamani hakulipa hata kimoja kati ya hivyo, wala hakuomba kibali cha mji wowote. Akaendelea na kazi. Bei ya jumla ilipoporomoka, kodi ya mkulima haikushuka nayo kwa kuwa ilihesabiwa kwa uzito wa mzigo bila kujali thamani yake, na wakulima wenye leseni wakaanza kufilisika huku wasio na leseni wakivuna. Kodi hiyo ilifutwa 1 Julai 2022. Kanada ilihalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, lakini katika jimbo la Ontario, lenye watu wengi kuliko majimbo mengine yote, maduka ya kwanza yalifunguliwa Aprili 2019. Miezi yote hiyo mtu aliyetaka kuifuata sheria mpya hakuwa na duka la kuingia. Baadaye maduka yalipokuwa mengi na bei ikakaribia ile ya vichochoroni, wanunuzi walihamia upande wa halali kwa miguu yao wenyewe.

Wasukuma wa Kahama na Geita hawakuhitaji California iwafundishe haya. Nchi yao ilikwishayaona mwaka 1990.

Kabla ya mwaka huo madini yote yalipaswa kupitia mikono ya Serikali, na dhahabu ya wachimbaji wadogo ikapita kila mahali isipokuwa huko. Bei rasmi ilihesabiwa kwa kiwango rasmi cha kubadilisha fedha, ambacho kilikuwa mbali sana na thamani halisi ya shilingi mtaani. Aliyeuza dhahabu nje kwa siri alipata dola, na dola zile zikarudi kama sabuni, vitenge, baiskeli na redio. Ndipo Benki Kuu ikaamua kununua dhahabu kwa bei iliyofuata soko halisi, kupitia mabenki yaliyokuwa karibu na machimbo. Haikuongezwa doria mpakani, wala adhabu haikupanda. Ilibadilika bei tu, na mauzo rasmi ya dhahabu ya Tanzania yakapanda mara nyingi ndani ya muda mfupi. Dhahabu ilikuwepo siku zote. Ilikuwa inapita mlango wa nyuma. Mpango ule haukudumu. Kufikia katikati ya muongo huo Benki Kuu ilikuwa imejitoa, na mlango wa nyuma ukafunguka tena kwa karibu robo karne.

Ndani ya robo karne hiyo kuna Bulyanhulu. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo hilo, wakati huo likiwa wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, ili leseni ya kampuni yenye asili ya Kanada ifanye kazi yake. Madai kuhusu watu waliofukiwa mashimoni yamebishaniwa tangu siku hiyo, na familia zinazoyasema hazijaacha kuyasema. Mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya ule wa Geita. Ninalitaja hili kwa sababu mchimbaji anayeambiwa leo kwamba Serikali ni rafiki yake wa sokoni analikumbuka, au baba yake analikumbuka. Imani ni sehemu ya bei. Mtu akihofia kwamba kujiandikisha kutamwonesha mkubwa mahali mwamba ulipo, atadai alipwe zaidi ndipo ajitokeze, au hatajitokeza kabisa.

Sasa twende kwenye duara lenyewe, maana dhahabu huuzwa mara nyingi kabla haijafika kwenye mizani ya Serikali.

Katika machimbo kama Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu au Mwakitolyo, mwenye leseni ndogo mara nyingi si yule anayeshuka shimoni. Leseni hiyo hutolewa kwa Mtanzania pekee, hudumu miaka saba, na ndani ya eneo moja wanaweza kuwemo wenye maduara kadhaa, kila mmoja na kundi lake. Mawe yakitoka hugawanywa kwa mifuko. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara ana lake, wachimbaji wana lao, na mwenye shamba ambako mwamba umetokea hasahauliwi. Mgawo huu haukuandikwa na Bunge. Umekuwepo kabla ya kanuni nyingi za Dodoma, unaeleweka na kila mtu, na ugomvi wake humalizwa palepale na uongozi wa machimbo.

Mfuko wa mchimbaji huenda karasha, ukasagwe. Unga unaoshwa kwenye mwalo, dhahabu inanaswa kwa zebaki, inakamuliwa kwenye kitambaa, inachomwa. Anayeichoma anavuta ule moshi, na mara nyingi anayeketi karibu naye ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Zebaki bado inauzwa kwa kipimo kidogo kandokando ya mialo, na mara nyingi anayeitoa ndiye anayenunua dhahabu iliyonaswa nayo. Huo ni ushindani ambao ofisa wa Serikali hauoni: mnunuzi wa mwaloni yupo palepale, na kifaa cha kazi anakitoa yeye.

Zebaki hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Iliyobaki iko kwenye marudio, ule mchanga wa kijivu ambao mara nyingi unabaki kuwa mali ya mwenye karasha au mwenye leseni. Marudio hununuliwa na wenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi, na huko ndiko dhahabu nyingi hupatikana. Kwa hiyo mtu aliyeshuka futi mia na nyundo yake huondoka na sehemu ndogo, na mtu mwenye mtaji wa matangi, kaboni na kemikali huondoka na kubwa. Sheria ya 2019 ilimpunguzia kodi mchimbaji kwenye ile sehemu yake ndogo. Kugusa sehemu kubwa haikuweza, kwa sababu kilichokosekana pale ni mtaji na elimu ya uchenjuaji. STAMICO, shirika la madini la taifa, ilijenga vituo vya mfano Rwamgasa na Katente ili wachimbaji waone namna ya kupata dhahabu zaidi kutoka mwamba uleule bila zebaki. Vituo hivyo vina thamani kuliko hotuba kumi kuhusu uzalendo, lakini ni vichache mno.

Kisha yupo mfadhili.

Duara hula fedha miezi mingi kabla ya kutema chochote. Linahitaji matimba, kamba, pampu, baruti, mafuta ya jenereta, unga na maharage. Mwenye duara asiye na akiba humtafuta mtu wa kumfadhili, na mtu huyo kwa kawaida ni mnunuzi wa dhahabu au anatumwa na mnunuzi. Hakuna riba inayotajwa. Hakuna karatasi. Kuna makubaliano kwamba mwamba ukitoka, dhahabu ni yake kwa bei atakayopunguza yeye. Bei ya dunia inaweza kupanda hadi kuvunja rekodi, na simu ya mwenye duara ikamwonesha kila dola. Haimsaidii, kwa maana mzigo wake ulikwishauzwa siku alipopokea gunia la kwanza la unga.

Watu wa mjini humtukana mfadhili. Mimi sitamtukana. Ndiye pekee aliyekubali kuweka fedha kwenye shimo ambalo huenda likatoka tupu, na mashimo mengi hutoka tupu. Mnamo Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, Kahama, na wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi; mwenzao wa sita alifia humo. Hakuna benki iliyokuwa tayari kukopesha kazi ya aina hiyo. Lakini lazima tuseme wazi kwamba mkopo wa mfadhili ndio minyororo inayoivuta dhahabu nje ya soko rasmi baada ya kodi kuacha kuivuta. Mabenki kama NMB na CRDB yameanza kukopesha wachimbaji, na STAMICO imepeleka mitambo ya kuchoronga ili mchimbaji ajue kilichomo ardhini na awe na taarifa ya kumwonesha ofisa wa mikopo. Hapo ndipo ushindani wa kweli wa miaka ijayo ulipo. Benki itakayomkopesha mwenye duara kwa masharti anayoyaweza itailetea Serikali dhahabu nyingi kuliko kizuizi chochote cha barabarani kati ya Katoro na Mwanza.

Soko lenyewe linafanyaje kazi? Muuzaji anaingia na mzigo wake katika jengo lenye ulinzi. Ofisa wa Tume ya Madini anaupima kwa mashine ya mionzi, inayosoma kiasi cha dhahabu, fedha na shaba bila kuharibu chochote. Uzito unaandikwa. Bei elekezi ya siku, inayotokana na soko la dunia, ipo mbele ya macho ya wote. Wanunuzi wenye leseni wana vyumba vyao chini ya paa moja, na muuzaji anaweza kutoka chumba hiki akaingia kile. Mrabaha na ada hukatwa kwa namba ya malipo ya Serikali, na muuzaji anatoka na stakabadhi.

Kitu kikubwa hapo, kwa maoni yangu, ni kipimo kuliko hata bei. Kabla ya masoko mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyekuwa na jiwe la kusugulia, na ndiye aliyetamka usafi wa dhahabu. Muuzaji alikuwa na macho tu. Aliyeambiwa dhahabu yake ni ya asilimia 80 ilhali ni 88 alipoteza zaidi ya mrabaha wote wa mzigo ule, na hakujua. Mashine moja iliyo mikononi mwa mtu asiyenunua iliurudishia mkoa wa Geita fedha ambazo hakuna takwimu inayozihesabu. Masoko sasa yamezidi 40 nchini, na vituo vidogo vya ununuzi karibu na machimbo ni vingi kuliko hivyo. Kwa takwimu za Wizara ya Madini, wachimbaji wadogo sasa huchangia takribani asilimia 40 ya mapato ya Serikali yatokanayo na sekta hiyo. Watu haohao ndio walioitwa wavamizi kwa miaka mingi.

Ukitaka kuona soko likihangaika, ondoka kwenye dhahabu uende Maganzo, mji wa almasi kandokando ya Mwadui wilayani Kishapu. Sheria ni ileile na Tume ni ileile, ila mali ni tofauti. Gramu ya dhahabu safi ya Nyarugusu na gramu ya dhahabu safi ya London ni kitu kimoja, na bei yake iko kwenye simu ya kila mtu. Almasi haina bei ya namna hiyo. Kila kipande hupimwa kwa rangi yake, uwazi wake, umbo lake na ustadi wa atakayekikata Antwerp au Surat. Mtu aliyeokota kijiwe katika mchanga wa Kishapu hawezi kujua kama ameshika shilingi laki moja au milioni ishirini. Hata Serikali yenyewe imekwama hapo. Mwaka 2017, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ulizuiwa mzigo wa karati zaidi ya 71,000 wa mgodi wa Williamson, wa hapohapo Mwadui. Hati zilionesha thamani ya dola milioni 14.8, wathamini walioitwa na Serikali wakasema milioni 29.5. Kampuni ilikana kosa lolote. Ikiwa mgodi wenye historia tangu 1940 na Serikali yenye hisa ndani yake wanaweza kutofautiana kwa nusu ya mzigo mzima, mchekechaji mmoja wa Maganzo ana kinga gani mbele ya mnunuzi mzoefu? Soko la jengo na mizani halimtoshi huyu. Anahitaji mthamini ambaye mshahara wake hautokani na bei, na mnada utakaowaleta wanunuzi wengi juu ya kijiwe kimoja.

Tanzania pia haishindani na watoroshaji wa ndani peke yao. Inashindana na majirani. Mwaka 2018 dhahabu ya zaidi ya kilo 35 iliyotoka Tanzania ilikamatwa uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na Julai 2019 Kenya ikairudisha Dar es Salaam. Kitendo cha kiungwana. Lakini ndege za kwenda Dubai huondoka Nairobi na Entebbe kila siku, na Dubai imenunua dhahabu ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Uganda ni mfano wa kufundishia. Kwa miaka kadhaa iliuza nje dhahabu nyingi mno kuliko inayochimbwa katika ardhi yake, hadi dhahabu ikaipita kahawa katika mauzo ya nje. Mwaka 2021 Bunge lake likaweka tozo ya asilimia 5 kwa dhahabu iliyosafishwa na asilimia 10 kwa isiyosafishwa. Mauzo rasmi yakakauka. Miaka miwili baadaye tozo ya dhahabu iliyosafishwa ikashushwa hadi dola 200 kwa kilo, kiwango ambacho kwa bei ya wakati huo hakifiki hata nusu ya asilimia moja, na dhahabu ikarudi kwenye vitabu. Fikiria maana ya hilo kwa Geita, ambako kutoka Kampala ni safari ya siku moja barabarani. Kila asilimia inayoongezwa Dodoma ina mwitikio wake upande wa pili wa ziwa.

Serikali inalijua hili kwa kiasi, na sera zake za karibuni zinaonesha imejifunza kushindana. Imejengwa mitambo ya kusafisha dhahabu Mwanza, Geita na Dodoma. Benki Kuu imerudi kununua, safari hii ili kuweka dhahabu katika akiba ya taifa, na anayeiuzia kupitia mitambo ya ndani hutozwa mrabaha wa asilimia 4 badala ya 6, na ada ya ukaguzi huondolewa. Hivyo ndivyo mnunuzi anayetaka mali hufanya: anaiongezea bei. Kuanzia Oktoba 2024 kikaongezwa na kiboko, sharti la kifungu cha 59 cha Sheria ya Madini kwamba asilimia 20 ya dhahabu isafishwe na kuuzwa ndani ya nchi. Ninaunga mkono lengo lake. Wasiwasi wangu uko kwenye muda wa malipo. Mfanyabiashara wa Katoro huzungusha mtaji uleule mara nyingi ndani ya mwezi. Akiuza kwa mnunuzi wa Dubai anapata fedha yake upesi. Mnunuzi wa taifa akimchelewesha wiki mbili, punguzo la mrabaha limekwisha kuliwa na subira.

Na kuna jambo linalonitia hofu zaidi. Zile kodi za 23,000 zilizofutwa mwaka 2019 hazirudi kwa jina lao, ila makato madogomadogo yamekuwa yakirudi kwa majina mengine: kodi ya mapato inayohesabiwa kama asilimia ya mauzo ya mchimbaji mdogo, tozo za hapa na pale za vijiji na halmashauri, michango ambayo haimo katika sheria yoyote. Kila moja ina sababu yake nzuri. Barabara za machimbo ni mbovu, shule zinahitaji madawati, zahanati zinahitaji dawa. Lakini hakuna mtu anayezijumlisha. Waziri wa Fedha anaona yake, mkurugenzi wa halmashauri anaona yake, mtendaji wa kijiji anaona yake. Anayeziona zote kwa pamoja ni mchimbaji mwenyewe, na mwenzake wa pili anayeziona zote ni mnunuzi wa magendo, kwa sababu jumla hiyo ndiyo faida yake.

Mnunuzi huyo hafanyi fujo jumla hiyo ikiwa asilimia 7. Anakuwa mtu wa pembeni, wa mzigo mdogo, wa dhahabu yenye maswali. Ikifika 12 anaanza kurudi kwenye mialo. Ikifika 20 ananunua pikipiki mpya na kuajiri vijana. Tarakimu hizi mbili za mwisho ni makadirio yangu, kila mtaalamu anaweza kuweka zake. Mwelekeo wake haubishaniwi na yeyote anayeishi Nyarugusu.

Ninaomba jambo moja kwa wabunge wa Shinyanga na Geita, na kwa madiwani wa Kahama, Msalala, Bukombe na Mbogwe. Kila mwaka kabla ya bajeti ya Juni, Tume ya Madini ibandike kwenye mlango wa kila soko karatasi moja inayoonesha makato yote, ya taifa, ya halmashauri na ya kijiji, kwa mzigo wa shilingi 100,000. Chini yake iandikwe bei anayotoa mnunuzi wa mwaloni wiki hiyo. Maofisa wanaijua, kila mtu machimboni anaijua. Mheshimiwa mbunge aisome karatasi hiyo akiwa amesimama na wachimbaji, kisha ndipo aende Dodoma kupiga kura.